Thamani ya Sarafu Kuukuu za Fedha: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale ambayo watu wa Kisumu, Nakuru, Kakamega na Kericho hunijia nayo wakiwa wameshika sarafu mkononi, mara nyingi baada ya matanga au baada ya kufungua sanduku la bati ambalo halijafunguliwa kwa miaka mingi. Katika majibu yote, neno «fedha» lina maana ya madini yenyewe, na «pesa» ni kile tunachonunulia unga. Nimeyapa maswali nambari ili jibu moja liweze kukuelekeza kwa jingine bila kurudia maneno.

## Mambo ya msingi

1. Je, sarafu ikiwa ya kale zaidi ndiyo yenye thamani zaidi?

Hapana. Hili ndilo kosa linalowapotosha watu wengi kuliko jingine lolote. Rupia ya Malkia Victoria yenye mwaka 1862 ina umri unaoizidi shilingi ya Afrika Mashariki ya 1923 kwa zaidi ya miaka sitini, lakini mkusanyaji wa sarafu za Afrika Mashariki ataiacha rupia hiyo mezani na kuichukua shilingi, kwa sababu rupia za 1862 zimejaa duniani na shilingi za 1923 ni haba.

Thamani ya sarafu hutokana na mambo yanayokutana mahali pamoja: fedha iliyomo, idadi ya sarafu za aina hiyo ambazo bado zipo, hali ya uso wake, na idadi ya watu wanaoitaka. Fedha iliyomo huweka kiwango cha chini ambacho bei haipaswi kushuka zaidi yake. Mengine matatu ndiyo yanayoipandisha juu ya kiwango hicho, na hakuna hata moja linaloweza kufanya kazi hiyo peke yake. Sarafu iliyo haba isiyotakiwa na mtu haina soko, na sarafu inayotakiwa na wengi lakini iliyokwaruzwa uso mzima huuzwa kwa bei ya sonara.

2. Ni sarafu gani za fedha zinazopatikana sana katika nyumba za huku kwetu?

Ya kwanza ni rupia ya Kihindi. Reli iliyojengwa kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwishoni mwa 1901, wakati mji huo ukiitwa Port Florence, na mishahara ya wajenzi wake ililipwa kwa rupia. Wafanyabiashara walioifuata reli, akiwemo Alidina Visram aliyekuwa na maduka hadi Uganda, waliuza na kununua kwa rupia, na serikali ya kikoloni ilitoza kodi ya nyumba kwa rupia hizo hizo. Ndiyo maana rupia zenye sura ya Victoria, Edward wa Saba na George wa Tano hupatikana hata katika boma lililo mbali na barabara. Rupia moja ina uzito wa gramu 11.66, na sehemu 917 kati ya 1,000 ni fedha.

Kisha kuna sarafu za senti 25 na senti 50 zilizotolewa tangu 1906 kwa ajili ya Afrika Mashariki na Uganda zikiwa vipande vya rupia, zenye fedha sehemu 800 kati ya 1,000. Mwaka 1920 ikaja florini, ambayo ilipewa uzito ule ule wa rupia lakini fedha yake ikawa nusu tu. Florini haikukaa. Mwaka uliofuata shilingi ilianza kupigwa chapa, ile ya simba aliyesimama mbele ya milima, na hiyo ndiyo ambayo wazee wetu waliizoea pamoja na sumuni yake. Shilingi hiyo ina gramu 7.78, na robo tu ya uzito huo ndiyo fedha.

Kandokando ya ziwa huonekana pia rupia za Kijerumani za Tanganyika, zenye uzito na fedha sawa na zile za Kihindi, ambazo zilivuka na wafanyabiashara kutoka Mwanza na Bukoba. Mara chache sana huja mtu na sarafu pana na nzito yenye mama mnene na mwaka 1780. Hiyo inaelezwa katika swali la 12.

3. Nitajuaje kama sarafu yangu ina fedha au ni nikeli tu?

Anza na mwaka. Shilingi ya Afrika Mashariki iliyopigwa chapa kati ya 1921 na 1925, au kati ya 1937 na 1946, ina fedha. Ile ya kuanzia 1948 ni shaba na nikeli, ijapokuwa simba ni yule yule. Ukishindwa kuusoma mwaka, soma maandishi yanayomzunguka mfalme: zile za baadaye zimeandikwa GEORGIVS SEXTVS REX bila kutaja India, kwa kuwa India ilikuwa imekwisha kujitawala. Sarafu za matumizi za Kenya huru, zilizoanza 1966, hazina fedha.

Rangi pia husaidia. Shilingi ya robo fedha ikichakaa hugeuka kuwa ya manjano au kahawia kwenye sehemu zilizoinuka, hasa shavu la mfalme na bega la simba, kwa sababu uso mweupe uliowekwa kiwandani umekwisha na shaba imeanza kujitokeza. Rupia haifanyi hivyo. Hubaki nyeupe au kijivu hata ikichakaa hadi sura ipotee. Ikiwa sumaku inaivuta sarafu yako, hiyo si fedha. Rupia za India za 1947, kwa mfano, ni za nikeli na huvutwa.

4. Fedha iliyomo pekee ina thamani gani?

Hesabu yake ni nyepesi: zidisha uzito wa sarafu kwa usafi wa fedha, kisha zidisha kwa bei ya gramu siku hiyo. Rupia ina gramu 10.69 za fedha halisi, florini ya 1920 ina 5.83, senti 50 za kabla ya 1920 zina 4.67, na shilingi ya simba ina 1.94. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba gramu moja ni shilingi 150. Rupia itakuwa na fedha ya takriban shilingi 1,600, na shilingi ya simba haitafika 300. Masoko ya dunia hutaja bei kwa wakia ya gramu 31.1, basi gawanya bei hiyo kwa 31.1 ili upate ya gramu.

Usitarajie sonara akupe kiasi chote hicho, kwa sababu ana gharama ya kuyeyusha na kusafisha. Hata hivyo, mtu anayekupa robo ya hesabu hii kwa rupia anakudhulumu, na ni vyema ujue hivyo kabla hujafika kwenye meza yake.

## Hali ya sarafu

5. Kwa nini sarafu mbili za mwaka mmoja ziachane bei mara kumi?

Kwa sababu mkusanyaji hununua uso wa sarafu. Rupia iliyopita mikononi mwa watu kwa miaka thelathini imepoteza nywele za mfalme, kisha sikio, kisha mstari wa taya. Rupia iliyofungiwa kwenye kitambaa tangu siku ilipotoka benki bado ina kila unyoya wa ndevu. Ile ya kwanza wanayo maelfu ya watu, na ya pili ni wachache walio nayo, hata kama kiwanda kilizitoa zote mbili kwa siku moja.

Wathamini hupima hali hiyo kwa daraja la 1 hadi 70, kipimo kilichobuniwa na Mmarekani William Sheldon mwaka 1949. Kuanzia 60 kwenda juu ni sarafu ambazo hazijatumika. Huhitaji kujua nambari hizo zote ili kuitazama sarafu yako vizuri. Ishike kwa ukingo karibu na dirisha, uiinamishe polepole. Ikiwa haijatumika, utaona mwanga ukizunguka juu yake kama spoki za baiskeli inayopita. Mwanga huo hutokana na mistari midogo mno iliyoachwa na chuma kizito kiwandani, na ukishasuguliwa haurudi.

6. Je, niisafishe kabla ya kuiuza?

Usiisafishe. Usitumie majivu, ndimu, dawa ya meno, waya wa sufuria wala kitambaa na mate.

Nyanya yangu aliniachia rupia mbili za Edward wa Saba, ya 1905 na ya 1907, akiwa amezifunga pamoja katika kipande cha leso. Nilikuwa kijana, na ile ya 1905 ilikuwa nyeusi, nikaona ni aibu kuwa na kitu cha nyanya kilicho kichafu. Niliisugua kwa ndimu na majivu ya jikoni hadi ikang'aa kama kijiko kipya. Leo nikiziweka zote mbili chini ya kioo cha kukuzia, ile ya 1907 ina ndevu za mfalme zilizotengana uzi kwa uzi, na kuizunguka herufi kuna kivuli cha buluu na zambarau ambacho hakuna mtu aliyekiweka kwa mkono. Ile ya 1905 ni nyeupe isiyo na uhai, na uso wake una mikwaruzo midogo iliyolala upande mmoja, yote ikifuata mwendo wa kidole changu. Kabla ya siku ile zilikuwa sawa. Sasa moja inaweza kukaa katika mkusanyiko mzuri, na nyingine ina thamani ya fedha yake tu pamoja na mapenzi yangu kwake.

Ndiyo maana huwa naomba, na hata kusihi, kwamba sarafu zije kwangu zikiwa na uchafu wake. Uchafu unaweza kuondolewa na mwenye ujuzi ikibidi, lakini hakuna fundi anayeweza kurudisha uso uliosuguliwa.

7. Nimekwisha kuisafisha. Nifanyeje?

Acha hapo hapo na usiongeze chochote. Suuza sarafu kwa maji safi ili mabaki ya sabuni au asidi ya ndimu yatoke, kisha iweke juu ya kitambaa laini ikauke bila kuifuta. Unapoiuza, sema wazi kwamba imesafishwa, kwa kuwa mnunuzi mwenye uzoefu ataliona hilo kwa sekunde chache na atakuamini zaidi kwa mengine yote ikiwa ulimwambia mwenyewe. Sarafu zilizo haba sana bado hupata wanunuzi hata zikiwa zimesafishwa, kwa bei iliyopungua.

8. Weusi ulio juu ya sarafu ni ugonjwa?

Mara nyingi sivyo. Fedha hushika rangi inapokutana na salfa iliyo hewani, kwenye moshi wa jikoni, kwenye sufu na kwenye mpira. Rangi hiyo huanza kama dhahabu nyepesi, kisha ya zambarau, na mwisho nyeusi. Ikiwa imeenea taratibu na kwa usawa, wakusanyaji wengi huipenda kwa kuwa ni ushahidi kwamba sarafu haijaguswa.

Kinachopaswa kukutia wasiwasi ni unyevu wa kijani unaonata, ambao mara nyingi hutoka kwenye plastiki laini za bei nafuu, na vishimo vinavyokula uso wa sarafu iliyozikwa ardhini. Kijani hicho kinachonata kionyeshe mtu anayejua, nawe usikikwangue kwa ukucha.

9. Sarafu yangu imetobolewa kwa ajili ya mkufu. Je, imeharibika kabisa?

Kama sarafu ya mkusanyaji, karibu ndiyo. Tundu, kipete kilichochomelewa, au herufi za jina zilizochongwa juu yake huishusha hadi bei ya fedha. Lakini tafadhali usikimbilie kuitenganisha na mkufu. Rupia nyingi za huku kwetu zilivaliwa shingoni na kwenye paji la uso, na pambo zima lenye shanga zake, ngozi yake na uzi wake wa zamani ni kitu cha aina nyingine, chenye wanunuzi wa aina nyingine, na makumbusho pia hukithamini. Nimewahi kuonyeshwa rupia sita zilizokatwa kutoka kwenye mshipi wa shanga na kusuguliwa. Aliyezileta alitupa shanga.

## Uhaba na mwaka

10. Herufi ndogo zilizo karibu na mwaka zina maana gani?

Ni alama za kiwanda kilichopiga chapa sarafu hiyo. Kwenye sarafu za Afrika Mashariki, H ni kiwanda cha Heaton cha Birmingham, KN ni Kings Norton, SA ni Pretoria, na I ni Bombay. Zile za Pretoria na Bombay nyingi ni za miaka ya Vita vya Pili vya Dunia, wakati usafiri wa meli kutoka Uingereza ulipokuwa wa hatari. Sarafu isiyo na herufi kwa kawaida ni ya London. Kwenye rupia za George wa Tano, nukta ndogo chini ya ua lililo upande wa chini wa sarafu huonyesha Bombay, na zisizo na nukta kwa kawaida ni za Calcutta. Rupia za Kijerumani za kuanzia 1904 zina A kwa Berlin au J kwa Hamburg.

Alama hizi ni za maana kwa sababu mwaka mmoja unaweza kuwa na sarafu nyingi za kiwanda kimoja na chache za kingine. Tazama kwa kioo cha kukuzia kabla ya kukubali bei yoyote.

11. Sarafu ikichapwa kwa idadi ndogo, ni lazima iwe ghali?

Idadi iliyochapwa ni mwanzo wa jibu. Shilingi ya 1923 ilichapwa kwa uchache, ilhali ile ya 1924 ilichapwa kwa makumi ya mamilioni, na tofauti hiyo huonekana katika bei hadi leo. Lakini kuna sarafu zilizochapwa kwa wingi zikarudishwa na kuyeyushwa, na nyingine zilizochapwa kwa uchache ambazo watu walizihifadhi karibu zote. Florini ya 1920 ilipitwa na shilingi mapema mno, na nyingi zilirudi kwenye moto. Rupia za Kihindi ziliishia kwa masonara, wakazifanya bangili.

Mwaka ulioandikwa nao unaweza kudanganya. Rupia za Victoria zenye mwaka 1862 ziliendelea kupigwa chapa na mwaka huo huo hadi 1874, na ni nukta ndogo tu zinazotofautisha baadhi yake. Ndiyo sababu nilisema katika swali la 1 kwamba zimejaa duniani.

Kwa upande wa pili iko rupia ya Mombasa ya 1888, iliyotolewa na kampuni ya Imperial British East Africa. Ukiwa na hiyo, na ikiwa ni ya kweli, usiiuze kwa mtu wa kwanza atakayeiulizia, na usome swali la 18 kwanza.

12. Sarafu yangu ina mwaka 1780. Je, ina zaidi ya miaka mia mbili?

Inaweza kuwa hivyo, lakini kwa uwezekano mkubwa sivyo. Hiyo ni reale ya Maria Theresa, malkia wa Austria aliyefariki mwaka 1780. Wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, Uhabeshi na pwani yetu waliiamini kiasi cha kukataa sarafu yoyote yenye sura nyingine, kwa hiyo viwanda viliendelea kuichapa kwa mwaka ule ule: Vienna, na katika karne ya 20 Roma, London, Paris, Brussels, Bombay na Birmingham. Ina uzito wa gramu 28.07 na fedha halisi gramu 23.39. Kwenye ukingo wake kuna maneno IUSTITIA ET CLEMENTIA, na ukingo usio na maneno hayo ni sababu ya kuitilia shaka.

Zilizo nyingi huuzwa kwa bei inayokaribia fedha iliyomo. Wataalamu hutofautisha viwanda na vipindi kwa vitu vidogo sana, kama vile lulu za kishikizo kilicho begani na manyoya ya mkia wa tai, na chache kati yake hupata bei nzuri. Baadhi ya zilizo huku kwetu huenda zililetwa na askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni) waliopigana Uhabeshi mwaka 1941, kwa kuwa pesa hizo ndizo zilizotumika kule. Ikiwa babu yako alikuwa mmoja wao, na cheti chake cha jeshi kipo, viweke pamoja. Karatasi hiyo huipa sarafu historia ambayo nyingine mia zinazofanana nayo hazina.

13. Ni kweli kwamba kuna rupia ya nguruwe?

Ni kweli, na ni ya 1911. Kwenye vazi la George wa Tano alichorwa tembo mdogo, lakini mkonga ulikuwa mfupi na miguu mizito, na watu wa India wakaona nguruwe. Malalamiko yakawa makubwa, hasa miongoni mwa Waislamu, na mchoro ukarekebishwa kwa sarafu za 1912. Nyingi za 1911 hazikuachwa ziende sokoni. Zilizopona zinatafutwa, na hiyo ni sababu ya kutosha kutazama mwaka wa kila rupia ya George wa Tano uliyo nayo.

14. Nimeambiwa sarafu ya Edward wa Nane ya 1936 ni ya mamilioni. Je, ni kweli?

Si kweli. Edward wa Nane alitawala kwa miezi isiyofika kumi na mmoja, na ni jambo la kupendeza kwamba Afrika Mashariki ilipata sarafu zenye jina lake. Lakini ni ndururu na peni, yaani senti 5 na senti 10, zenye tundu katikati, za shaba, hazina sura yake, na zilichapwa kwa wingi. Iliyo safi kabisa hupata mnunuzi kwa bei ya kawaida. Anayekuahidi mamilioni hupenda kuomba pesa kidogo kwanza, na hilo linaelezwa katika swali la 16.

## Sarafu bandia

15. Nitaipimaje sarafu nyumbani bila kuidhuru?

Tafuta mizani ya kidijitali inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Pima rupia yako ikiwa kavu. Inapaswa kukaribia gramu 11.66, au pungufu kidogo ikiwa imechakaa. Kisha weka glasi ya maji juu ya mizani na uirudishe kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, uishushe yote ndani ya maji, isiguse chini wala kando, usome nambari. Rupia halali itasoma takriban 1.13, kwa sababu 11.66 ukigawanya kwa 1.13 unapata 10.3, ambazo ni gramu za kila sentimita mchemraba ya fedha ya kiwango hicho. Bandia ya shaba na nikeli yenye uzito ule ule itasoma karibu 1.31, kwa kuwa madini yake ni mepesi na hivyo huchukua nafasi kubwa zaidi.

Njia hii huacha sarafu ikiwa nzima, na ndiyo ninayoitumia mbele ya mwenye sarafu ili ajionee. Baada yake, tazama ukingo. Mstari wa kuunganisha unaozunguka ukingo wote, au vitundu vidogo vya hewa juu ya uso, ni dalili kwamba sarafu ilimiminwa kwenye kalibu. Wapo wanaokwangua kwa tupa na kuweka tone la asidi, usiwaruhusu.

16. Na zile sarafu za East India Company zenye miungu ya Kihindi, za 1616 au 1818, ambazo huvuta mchele?

Hazikuwa pesa wakati wowote. Ni vipande vilivyotengenezwa baadaye, vingine kama kumbukumbu za hekaluni na vingine kwa ajili ya ulaghai tu. Hakuna sarafu inayovuta mchele wala kuzima saa. Mpango wake ni ule ule kila mara: mnunuzi tajiri yuko ng'ambo, atalipa kiasi kisichoaminika, ila kwanza ulipe ada ya kuithibitisha. Mnunuzi wa kweli hukulipa wewe, na hakuombi ada yoyote. Nimeona familia iliyouza ng'ombe wawili kwa ajili ya ada hiyo, na huwa nalirudia jambo hili kwa kila anayeniuliza.

## Kuuza, sheria na kuhifadhi

17. Niuze wapi, na je, nilipie sarafu yangu kuwekewa daraja nje ya nchi?

Kwa rupia zilizochakaa na shilingi za miaka ya kawaida, bei ya fedha iliyo katika swali la 4 ndiyo kipimo chako, na wakusanyaji wa hapa nchini hulipa juu kidogo ya sonara. Kwa iliyo haba au isiyotumika, piga picha pande zote mbili na ukingo, kwa mwanga wa dirishani bila mmweko wa simu, andika uzito, na upate maoni ya watu wawili au watatu kabla ya kutaja bei. Tazama bei ambazo sarafu kama hiyo ilinunuliwa kweli katika minada iliyokwisha. Bei anayoitaka muuzaji kwenye tangazo ni matumaini yake tu.

Kampuni kama PCGS na NGC za Marekani huipa sarafu daraja na kuifungia katika kasha gumu. Huduma hiyo ina maana kwa sarafu ghali ambayo uhalali wake unaweza kubishaniwa. Kwa shilingi ya 1924, gharama ya kuituma itazidi sarafu yenyewe.

18. Je, sheria ya Kenya inaniruhusu kuziuza au kuzipeleka nje?

Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya 2006 inakihesabu kuwa cha kale kitu chochote kinachohamishika, isipokuwa kitabu au hati, kilichotengenezwa Kenya au kuletwa Kenya kabla ya 1895. Rupia ya Mombasa ya 1888, na rupia ya Victoria iliyoletwa nchini kabla ya mwaka huo, zinaweza kuingia humo, na kitu cha kale hakitolewi nje ya nchi bila kibali. Shilingi na florini haziingii. Ukiwa na shaka, uliza kwanza katika makumbusho iliyo karibu nawe: Kisumu, Kitale, au Hyrax Hill kando ya Nakuru.

19. Tumechimba msingi wa nyumba tukapata chungu chenye sarafu. Tufanye nini?

Simamisheni jembe. Pigeni picha chungu kikiwa mahali pake, pimeni kina chake, na msizioshe sarafu wala kuzigawana siku hiyo. Udongo ulioshikamana nazo, mpangilio wake na vigae vya chungu vinaweza kueleza zilifichwa lini na kwa nini. Zikishatawanywa mifukoni, habari hiyo imepotea kwa wakusanyaji na kwa wanahistoria pia. Kisha wapigieni watu wa makumbusho.

Kwa sarafu za urithi, ushauri wangu unafanana na huo. Andikeni kila moja, mwaka, herufi na uzito, mbele ya ndugu wote, kabla ya yeyote kuchukua yake. Ikiwa moja kati ya kumi ina thamani kuliko tisa zote, ni heri mlijue hilo mkiwa mmeketi pamoja.

20. Nizihifadhije hadi nitakapoamua?

Kila moja ikae peke yake katika bahasha ndogo ya karatasi nyeupe, si plastiki laini, si mpira wa kufungia noti, si pamba iliyotumika. Andika maelezo juu ya bahasha kabla ya kuingiza sarafu, ili kalamu isiikandamize. Karibu na ziwa hewa ina unyevu, kwa hiyo tumia kopo lenye kifuniko kinachobana na uweke ndani vile vifuko vya kukausha vinavyokuja na viatu vipya. Weka kopo mbali na jikoni kwa sababu ya moshi, na kila unapozishika, shika ukingo.